Jina la Mama Katika Majedwali Mawili

Lango la Kusini lilikataa kufunguka, na mdogo wangu alikuwa nyuma yake.

Nasema lilikataa, sisemi lilikwama. Chuma chake kilikuwa kizima, mota zake zilikuwa na umeme, na Mzee Ndahani, msimamizi wa zamu yetu, alikuwa ameliamuru tena na tena kwa ile sauti yake inayofanya watu wazima wachomekee mashati. Kila mara kioo cha mitambo, katika chumba chetu cha masharti hapo kando ya lango, kilijibu kwa maandishi mekundu: AMRI IMEKATALIWA. SHARTI LINALOZUIA: SECHELELA.

Mzee Ndahani akanigeukia. "Mwaja, hilo si lako?"

"Ni langu, mzee."

"Jina la nani?"

"La mama."

Akavua kofia na kuinamisha kichwa kidogo. Ndiyo adabu yetu hapa Ndani, mji wetu wa chini ya ardhi. Marehemu akitajwa hupewa nafasi yake, hata kama nyumba inaungua. Ni adabu nzuri, lakini siku ile nilitamani kumnyang'anya ile kofia na kuitupa.

Sisi mafundi wa masharti ndio tunaouambia mji kitu gani usikifanye kamwe. Kila vali, kila feni na kila lango la mji huu hupokea amri kupitia kanzidata, na kila amri hupimwa kwanza dhidi ya masharti. Amri ikivunja sharti, haitekelezwi, hata ikitoka kwa mkuu wa mji. Miji mingine nasikia huyapa masharti yao namba. Kwetu hapana. Fundi akimaliza kuandika sharti, wenzake humpa mgongo, naye huliandika jina la marehemu wake kimya kimya, kisha kazi inaendelea. Hakuna anayeuliza jina gani. Tunaamini namba haiwezi kukesha, lakini marehemu anaweza.

Mama yetu aliuawa na hewa mbaya, siku watu walipofungua lango bila kupima upande wa pili. Nilipopewa jedwali la malango niliandika sharti moja tu: lango lolote lisifunguke pasipo kipimo hai cha hewa ya ng'ambo. Nikaliita Sechelela, na nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa bomba la mvuke lilikuwa limepasuka kwenye handaki la kusini na kukiunguza kipimahewa. Hakukuwa na kipimo. Pasipo kipimo, mama hafungui. Sharti lilikuwa linafanya vile vile nilivyolifundisha, na ndani ya handaki alikuwa Wendo, mdogo wangu.

Simu ya ukutani ilikoroma.

"Dada."

"Nipo, Wendo."

"Huku kuna joto."

Mdogo wangu si mtu wa kulalamika. Akiwa na homa ya kumlaza kitandani husema amechoka kidogo. Aliposema kuna joto, nilijua anaungua.

"Mvuke uko wapi?"

"Nyuma yangu. Unakuja huku. Nimejibana hapa langoni." Akakohoa. "Dada, fanyeni haraka."

*

Hatuna ruhusa ya kugusa majedwali kwa mikono yetu. Zamani mafundi waliyagusa, mmoja akakosea, na mtaa mzima wa chini ukajaa maji watu wakiwa mezani. Tangu hapo kuna chombo kimoja tu cha kuondoa sharti, nacho tunakiita Mkono. Unaupa jina. Mkono unaenda kwenye orodha kuu, ile ambamo kanzidata inajieleza yenyewe, ina majedwali gani na masharti gani, unalitafuta jina hilo, na chochote orodha inachouonyesha unakiondoa. Haubagui na hauulizi mara mbili.

Nikaandika jina la mama na kuomba kwanza kuonyeshwa. Nilitarajia mstari mmoja. Ikaleta minne.

Sechelela, jedwali la malango, linalinda kipimo cha hewa.
Sechelela, jedwali la malango, linalinda mgawo wa kitanda.
Sechelela, jedwali la vitanda, linalinda kipimo cha hewa.
Sechelela, jedwali la vitanda, linalinda mgawo wa kitanda.

"Upuuzi gani huu?" nikasema. "Lango lina kitanda?"

Mzee Ndahani akainama begani kwangu. Alinuka jasho na tangawizi. "Orodha ina kigugumizi hiyo, kila siku. Hata juzi nililetewa mistari kama utitiri kwa sharti la tangi. Weka Mara Moja."

Mara Moja ni kitufe cha pembeni. Ukikibonyeza, orodha inaficha yote yanayojirudia na kukuachia jina tupu. Sote tunakitumia. Hakuna fundi asiyekitumia, maana mistari inayojirudia inachosha macho na kazi ni nyingi.

Nikakibonyeza. Mistari minne ikapotea. Likabaki neno moja, safi, katikati ya kioo: Sechelela.

Chini yake kitufe cha Mkono kilikuwa kinawaka. Nikaweka kidole juu yake, na nashukuru hadi leo kwamba nilikuwa na mdomo mrefu, kwa sababu badala ya kubonyeza kimya kimya nilimwambia Wendo kwenye simu, ili apate moyo:

"Tulia, mdogo wangu. Namwondoa mama langoni, halafu unatoka."

Nikasikia mvuke ukifoka nyuma yake.

"Unamwondoa nani?"

"Mama. Sharti la malango nililipa jina lake."

"Dada, usibonyeze."

"Nini?"

"Usibonyeze! Toa mkono hapo! Hata mimi nilimwandika mama."

*

Wendo ni fundi wa hewa wa hospitali. Handaki lile aliingia kukagua bomba la wodi yake, wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao wakiwa hawajajua kuvuta pumzi. Huko nako kuna sharti moja: kitanda chochote cha njiti kisipewe hewa pungufu ya mgawo wake, hata mji mzima ukikosa. Alipoliandika, wenzake walimpa mgongo, naye akaandika jina la yule yule mama. Hakuniambia, wala mimi sikuwahi kumwambia. Desturi ni kutouliza, na sisi watoto wa Sechelela tulilelewa kwa desturi.

Kanzidata haikuona kosa. Yenyewe huzuia jina lisirudiwe ndani ya jedwali moja tu, na jedwali la jirani si shughuli yake. Kosa liko kwenye orodha kuu, ambayo aliyeitengeneza aliamini kwamba katika mji mzima hakuna majina mawili yanayofanana, kwa hiyo akaiunganisha kwa jina peke yake. Ni kama kliniki ambapo karani anaita Mama Neema, wanasimama kina mama wawili, kila mmoja na mtoto wake, naye karani anawaandikia wote wawili watoto wote wawili. Ndiyo maana tulipata mistari minne kutoka kwa masharti mawili. Miwili ilikuwa ya kweli, miwili ya uongo, na Mkono ungeyaondoa masharti yote mawili bila kujali.

Mzee Ndahani aliketi. Sikuwahi kumwona akiketi kwenye zamu.

"Lango likifunguka," akasema polepole, "handaki lile lina njaa ya hewa. Litafyonza. Na mitambo itachukua hewa popote pale pasipo na sharti."

"Wodini," nikasema.

"Wodini."

Nitasema ukweli wa moyo wangu, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Nilitaka kubonyeza. Wale watoto sikuwajua. Hata majina walikuwa hawajapewa bado. Wendo nilimbeba mgongoni, nilimfundisha kufunga kamba za viatu, nilimfuta makamasi siku ya mazishi. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe, na niliogopa kile kidole kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu kilikuwa kinaelekea kufanya jambo bila kunishauri.

"Dada." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Najua unafikiria nini. Nikitoka huku kwa njia hiyo, nitaishije na wewe? Tutakaa meza moja tukitazamana?"

"Nyamaza, nifikirie."

"Fikiria haraka basi, viatu vimeanza kuyeyuka." Akacheka kidogo, kisha akalia kidogo, na nikasikia akijilazimisha kuacha yote mawili.

Ni Mzee Ndahani aliyesema, kama mtu anayejisemea: "Ukiwawekea watoto sharti jingine kwanza. Lile lile, jina jingine. Ukimwondoa mama, jipya linabaki."

Nilimtazama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa rahisi na kweli, na ilikuwa na sumu ndani yake.

"Ukaguzi," nikasema.

Sharti jipya haliingii hivi hivi. Kanzidata kwanza hulipitisha kwenye kila kumbukumbu iliyomo katika jedwali, tangu kitanda cha kwanza hadi cha leo, kuhakikisha hakuna inayolivunja. Na jedwali likiwa linakaguliwa hufungwa. Halipokei amri yoyote. Vali za wodi zingesimama mpaka ukaguzi uishe, na Wendo angeendelea kuungua mpaka ukaguzi uishe.

Nikapiga simu wodini. Aliyepokea ni Nesi Yudita, mwanamke ninayemfahamu kwa ukali wake kwenye foleni ya chakula.

"Nesi, mitambo yako ya hewa itasimama. Si muda mrefu. Mnaweza kuwapumulisha watoto kwa mkono?"

"Itasimama kwa idhini ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe ni nani wa kunisimamishia hewa ya watoto?"

Nikamwambia yote. Wendo, lango, mvuke, jina. Nilisema vibaya na kwa haraka, nikaona kabisa anaweza kukata simu, na ningekuwa sina la kumlaumu.

Hakukata. Nikamsikia akigeuka na kupaza sauti: "Kina mama, amkeni wote! Kila mtu achukue mpira wa kupumulisha, kitanda kimoja mtu mmoja. Wewe uliyejifungua jana, na wewe pia, kaa tu, mikono inatosha. Bana, achia. Bana, achia. Msiangalie pembeni!" Kisha akanirudia. "Wendo huja hapa hata siku zake za mapumziko. Anza. Lakini mtoto wangu mmoja akibadilika rangi, nakata huo waya wenu kwa meno."

Nikaandika sharti. Vidole vilijua njia. Nikafika mahali pa jina, nikakwama.

Sikuwa na marehemu mwingine niliyemjua. Baba yupo hai, anacheza bao mtaa wa tatu na kuibia wenzake. Mama ndiye peke yake niliyemzika mimi, na mama ndiye aliyetufikisha hapa. Kioo kilikuwa kinamulika mahali patupu. Kwa mashine ningeweza kuandika kitunguu, ingekubali. Lakini nilikuwa naweka ulinzi juu ya watoto wasioweza kupumua, na sikuweza kuwapa kitunguu kiwakeshee.

"Dada, kwa nini kimya?"

"Jina," nikasema. "Sina jina."

Akakohoa kwa muda mrefu. Aliporudi, maneno yalikuwa yanatoka moja moja.

"Weka langu."

"Lako halifai. Wewe uko hai."

"Ukaguzi ukiisha," akasema Wendo, "litakuwa linafaa."

Mzee Ndahani alivua kofia tena, na safari hii sikukasirika. Alinipa mgongo, kama desturi inavyotaka. Nikaandika W, E, N, D, O. Tunaambiwa tangu utotoni kwamba jina la mtu aliye hai halikai kwenye sharti, maana sharti likishalishika haliliachii, na mwenye jina hulifuata. Sijui kama naamini. Najua nilipobonyeza nilihisi nimemsukuma mwenyewe kwenye mvuke.

Ukaguzi ukaanza.

Sipendi kueleza kusubiri kule. Kulikuwa na simu mbili, zote wazi. Katika moja, sauti ya Nesi Yudita ikihesabu pumzi za watu wengine, bana, achia, na mama mmoja akilia huku akibana. Katika nyingine, Wendo akipumua. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kutwangia ambao mama aliutumia kutubembeleza, akausahau katikati, akaanza upya. Kisha hakuanza tena.

"Wendo?"

Mvuke.

"Wendo, niitikie."

Mvuke tu.

Kioo kikabadilika rangi: SHARTI LIMEKUBALIWA. WENDO. Hapo hapo, kabla sijameza mate, nilibonyeza Mkono, na mama akaondoka langoni na wodini kwa pigo moja. Lango la Kusini likanguruma na kufunguka. Upepo ulivuma kuelekea handakini kwa nguvu, makaratasi ya ukutani yakaruka, na kwenye simu ya wodini nikasubiri kusikia wodi ikinyamaza.

"Mitambo imerudi," alisema Nesi Yudita. "Wanapata mgawo wao. Wote." Akapumua. "Na yeye?"

Mzee Ndahani alikuwa tayari ameshaingia kwenye mvuke, koti limefunika uso, akiburuta kitu.

*

Alikuwa hai. Mikono na mgongo vilikuwa vimeungua, sauti imekwenda, lakini alikuwa hai, na alipofungua macho hospitalini, alilofanya kwanza ni kunong'ona:

"Umelitoa?"

"Naenda kulitoa sasa hivi. Lala."

Nilimwelewa. Nyuma ya lango mtu hujitoa mhanga kwa sababu haoni njia nyingine. Akitoka hai na kukuta jina lake limeshika zamu ya wafu, hapo ndipo hofu humkuta, tena kwa riba.

Nilirudi kwenye chumba cha masharti nikiwa mwepesi, karibu nacheka. Nilikwisha kumrudisha mama kwenye malango, peke yake safari hii. Mzee Ndahani alikuwa amenipatia jina la marehemu wake kwa ajili ya wodi, babu yake mmoja mkorofi sana, tukakubaliana na Nesi Yudita saa ya kupumulisha tena kwa mkono, na sharti hilo likapita ukaguzi. Kilichobaki ni kumwondoa Wendo. Nikaandika jina. Kitufe cha Mara Moja kilikuwa bado kimewashwa tangu ile asubuhi, na kioo kikaniletea neno moja, safi, katikati.

Kidole kilikuwa kinashuka. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni usafi wenyewe wa lile neno. Nikazima Mara Moja.

Mistari minne.

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikasoma nikiwa nimekaa sakafuni. Wendo, jedwali la vitanda. Wendo, jedwali la feni kuu. Na ile mingine miwili ya uongo katikati, kila mmoja umevaa nguo za mwenzake.

Feni kuu ndizo zinazotuletea hewa kutoka Juu, mji mzima. Sharti lao linasema zisisimame zote kwa pamoja. Liliandikwa na fundi wa kwanza wa feni wa mji huu, ambaye wenzake walimpa mgongo naye akaandika kimya jina la mama yake mzazi. Fundi huyo aliitwa Sechelela, ndiye mama yetu. Mama yake aliitwa Wendo, bibi yetu aliyefariki kabla sijazaliwa, ambaye mdogo wangu alirithi jina lake siku ya nne baada ya kuzaliwa. Kwetu majina hurudi. Mtoto huchukua la bibi, sharti huchukua la bibi, na hakuna anayeuliza.

"Mbona huondoi?" Mzee Ndahani aliuliza mlangoni.

Nikamwonyesha. Alisoma, akashika fremu ya mlango.

"Tuziwekee na feni sharti jingine kwanza," akasema, "kama tulivyofanya wodini."

"Jedwali la feni likikaguliwa linafungwa, mzee. Feni zote zinasimama. Utampa nani mpira abane, kwa mji mzima?"

Nikazima kioo kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto, na nikaandika kwa wino mwekundu juu ya Mkono: JINA WENDO LISIGUSWE. Kisha nikafikiria masharti mengine yote ya mji, mamia na mamia, yaliyoandikwa na watu waliopeana migongo, na mara zote tulizobonyeza Mara Moja kwa sababu macho yamechoka, nikaanza kuogopa upya.

Wendo hakuwa amelala. Aliniona usoni kabla sijafungua mdomo.

"Hukulitoa."

"Halitoki," nikasema, nikamweleza habari ya bibi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Yule aliyeniambia nisibonyeze huku viatu vinayeyuka, sasa alikuwa ameng'ang'ania shuka kwa vidole vilivyofungwa bandeji.

"Kwa hiyo nitakuwa humo mpaka lini?"

"Sijui, mdogo wangu."

Ukuta wa pili ulikuwa wa wodi ya njiti. Tulisikia vali zikigawa hewa, kitanda hadi kitanda, kwa idhini ya jina lake. Akaniomba mambo mawili: nikae mpaka apate usingizi, na kuanzia siku ile nisimwite tena kwa jina.

Nikavuta kiti. Namwita mdogo wangu tu, hata mbele za watu, na anaitika.